Buibui wa Usambara Ndani ya Sanduku la Kioo

Katika maduka ya wanyama ya Ulaya na Marekani yupo buibui anayeuzwa kwa jina la milima yetu. Akinyoosha miguu anafunika kiganja cha mtu mzima. Ana manyoya mwili mzima, rangi yake ni ya chungwa lililoiva, na mgongoni ana michoro myeusi. Jina lake la kisayansi, Pterinochilus murinus, alipewa mwaka 1897 na mtaalamu wa Uingereza, Reginald Innes Pocock. Wafugaji wanaijua aina hii ya rangi ya chungwa kama buibui wa Usambara, ingawa spishi yenyewe imeenea kuanzia Kenya na Tanzania hadi Angola na nchi za kusini mwa Afrika, na kwingineko huwa na rangi ya kijivu au kahawia.

Mkazi wa Korogwe akimkuta buibui huyu mlangoni usiku, kitu cha kwanza ni kuvua kandambili. Mkazi wa Berlin hutoa fedha ili ampate, humtengenezea makazi, humnunulia mende wa kula, na anaweza kuishi naye zaidi ya miaka 10. Nawaelewa wote wawili. Hofu ya yule wa kwanza ina asili yake, na mapenzi ya yule wa pili ni ya kweli. Lakini wote wawili wanapaswa kumjua zaidi mnyama huyu kabla ya kumnyooshea mkono, uwe umeshika kandambili au umefunua kiganja.

Tarantula ni jina la jumla la familia ya buibui wakubwa wenye manyoya, yenye spishi zaidi ya 1,000 katika nchi za joto duniani kote. Jina hilo limetoka mji wa Taranto, kusini mwa Italia, ambako kwa karne kadhaa watu waliamini kwamba aliyeumwa na buibui wa mashambani ni lazima acheze ngoma kwa nguvu, hata siku kadhaa mfululizo, ili apone. Buibui aliyeshutumiwa huko ni mwingine kabisa, mdogo, na sumu yake si ya kutisha. Wazungu walipofika Amerika na kuwaona buibui wakubwa wa huko, wakawahamishia jina pamoja na sifa zake mbaya. Mwaka 1705 Maria Sibylla Merian, mchoraji na mtafiti aliyefanya kazi Suriname, alichapisha picha ya buibui akimla ndege mdogo. Wasomi wengi wa Ulaya walikataa kumwamini. Baadaye ilithibitika kwamba jambo hilo hutokea, japo kwa nadra, kwa kuwa chakula cha kawaida cha tarantula ni wadudu.

Je, hofu ya buibui tunazaliwa nayo? Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani na Sweden, wakiongozwa na Stefanie Hoehl, waliwaonyesha watoto wa miezi 6 picha za buibui na za maua. Mboni za macho ya watoto hao zilipanuka zaidi walipoona buibui. Mboni kupanuka ni ishara ya mwili kushtuka na kuwa macho, na watoto wa umri huo walikuwa bado hawajafundishwa na mtu yeyote kwamba buibui ni wa kuogopwa. Kwa hiyo inaelekea tunazaliwa na wepesi wa kumtambua kiumbe huyu. Wepesi huo ukikutana na mayowe ya mama, shangazi au dada mkubwa, ndipo hofu kamili inapojengeka.

Lakini jamii ndiyo inayoamua tufanye nini baada ya kushtuka. Katika mji wa Skuon nchini Kambodia, tarantula hukaangwa na kuuzwa barabarani kama kitafunio. Kwa Waakan wa Ghana, Anansi ni buibui mjanja anayewashinda wakubwa kwa akili, kama sungura wa hadithi zetu. Na Waislamu wengi wa pwani yetu wamelelewa na simulizi ya buibui aliyetanda mdomoni mwa pango la Thawr, wakati Mtume Muhammad na Abubakar walipojificha humo katika safari ya kuhamia Madina. Nyumba nyingi za Waislamu hadi leo huona vibaya kumuua buibui kwa sababu ya simulizi hiyo. Mshtuko ni uleule, mwenendo ni tofauti.

Wapo ambao hofu yao imepita kiasi: hawawezi kuingia stoo wala kulala chumba chenye utando darini. Hao wasichekwe. Wanaumwa, na dawa yao ipo. Mtaalamu wa saikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, alieleza mwaka 1989 tiba ya kikao kimoja kisichozidi saa 3. Mgonjwa humsogelea buibui halisi hatua kwa hatua, kwa ridhaa yake, akiongozwa na tabibu, mpaka mwili wenyewe unapojifunza kwamba hakuna balaa lililotokea. Kumrushia mtu buibui kwa mzaha ni kinyume kabisa cha tiba hiyo, na humzidishia ugonjwa.

Sasa tumrudie mfugaji. Mahitaji ya tarantula ni machache. Anataka sanduku lenye matundu ya hewa, udongo mkavu au makumbi ya nazi yaliyosagwa ya kutosha kuchimba, kipande cha gome la mti cha kujifichia, na kibakuli cha maji. Sanduku lisiwe refu kwenda juu kwa buibui wa ardhini, kwa kuwa akianguka tumbo lake linaweza kupasuka, naye akafa. Awe peke yake, maana wawili wakiwekwa pamoja mara nyingi mmoja humla mwenzake. Mkubwa hutosheka na mende au nyenje mmoja kwa wiki, na anaweza kukaa miezi bila kula na asidhurike.

Jambo linalowababaisha wafugaji wapya ni kujivua gamba. Buibui hana mifupa. Ngozi yake ngumu ndiyo inayobeba mwili, na haiwezi kutanuka, hivyo ili akue ni lazima aiambue yote. Siku hiyo hulala chali juu ya utando wake, miguu ikielekea juu, akabaki hivyo kwa saa kadhaa. Mwenye haraka hudhani amekufa, akamgusa au hata kumtupa. Ukweli ni kwamba buibui aliyekufa kwa kawaida hujikunja, miguu ikiingia chini ya mwili, kwa sababu buibui hunyoosha miguu yake kwa nguvu ya majimaji ya mwilini, na uhai ukitoka nguvu hiyo hupotea. Aliyelala chali yuko kazini. Anachomoa kila mguu kutoka katika gamba la zamani, pamoja na meno yake, na hata utando wa ndani ya tumbo la chakula. Kama alipoteza mguu, mpya huanza kuota katika magamba yanayofuata. Akimaliza huwa laini, meno yake meupe, na hawezi kujitetea. Nyenje hai aliyesahauliwa ndani ya sanduku anaweza kumtafuna. Kwa hiyo mfugaji mwema siku hizo huondoa chakula, huacha maji, na hukaa mbali.

Je, buibui anamjua mfugaji wake? Hakuna dalili ya kuaminika kwamba tarantula humtambua anayemfuga. Ana macho 8 lakini haoni vizuri. Dunia yake ni mitikisiko anayoipokea kwa vinyweleo vya miguuni. Akitulia kiganjani mwako, utulivu huo si mapenzi. Buibui wa Usambara hasa hana subira: akisumbuliwa husimama kwa miguu ya nyuma, hufunua meno, na akiendelea kusumbuliwa huuma. Sijui kifo cha mtu kilichothibitika kusababishwa na sumu ya tarantula, lakini buibui wa Afrika na Asia huumiza vikali, na misuli inaweza kukakamaa kwa siku kadhaa. Wengi wa wale wa Amerika wana silaha nyingine, vinyweleo vya tumboni wanavyovipeperusha kwa miguu, na vikiingia jichoni ni kazi ya daktari wa macho.

Yupo pia ndugu mkubwa wa buibui wa Usambara, Pelinobius muticus, wa Kenya, Tanzania na Uganda, mwenye rangi ya kutu na miguu ya nyuma minene ya kuchimbia. Huchimba shimo refu na kukaa humo, na akichokozwa hutoa sauti ya kufoka kwa kusuguanisha vinyweleo vya miguu. Anayemfuga anaweza kumaliza miezi akitazama udongo mtupu. Kwangu mimi huyo ndiye mfugaji aliyefaulu: amekubali kwamba mnyama anaishi kwa ajili yake mwenyewe.

Majike huishi muda mrefu. Nchini Australia, mtafiti Barbara York Main alianza mwaka 1974 kufuatilia majike ya buibui wa mashimoni, jamaa wa mbali wa tarantula. Mmoja wao, aliyepewa namba 16, alidumu katika shimo lake hadi mwaka 2016, akiwa na umri wa takriban miaka 43. Ndiyo maana kuchimbua majike porini kwa ajili ya biashara ni hasara inayochelewa kufidiwa. Buibui wa Mexico wenye magoti mekundu walisombwa kwa wingi hadi biashara yao ya kimataifa ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES mwaka 1985. Tanzania ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje mwaka 2016. Mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kujaribu kutorosha maelfu ya chungu, wakiwemo malkia; biashara hii sasa inawatafuta hata wadogo. Mtu wa Ulaya anayetaka buibui wa Usambara anaweza kumpata aliyezaliwa kwa mfugaji mwenzake, na hana sababu ya kununua aliyetolewa porini.

Sisi hatuhitaji sanduku, kwa sababu tunaishi naye. Inakadiriwa kwamba buibui wa dunia nzima hula kati ya tani milioni 400 na 800 za wadudu na wanyama wadogo kila mwaka. Kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, yupo buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora, anayechagua mbu aliyekwisha kunyonya damu kuliko mawindo mengine. Uchaguzi huo wa ajabu ulithibitishwa na watafiti waliofanya kazi Mbita, Kenya, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 2005.

Msimu wa mvua tarantula dume hutoka shimoni kutafuta jike, na siku zake za kuishi huwa zimebaki chache. Huyo ndiye mara nyingi anayeingia nyumbani. Ukimkuta, waondoe watoto na mbwa, usimshike kwa mkono mtupu. Mfunike kwa kopo pana la plastiki, pitisha polepole kadibodi ngumu chini yake, umbebe hadi kwenye kichaka kilicho mbali na mlango, kisha liinue kopo urudi ndani.