Nahodha Aliyeutaja Ugonjwa Wake

Mficha maradhi, walinena wahenga, kifo humuumbua. Katika ulimwengu wa kandanda, aliyeihepa hatima hiyo ni Tony Adams, beki wa kati wa Arsenal aliyestaafu mwaka wa 2002 bila kuichezea klabu nyingine.

Adams alikabidhiwa unahodha mwaka wa 1988 akiwa na umri wa miaka 21, na mwaka uliofuata Arsenal ikatwaa ubingwa wa ligi. Desemba 1990 alitiwa jela kwa kosa la kuendesha gari akiwa amelewa. Alitoka Februari 1991, akarejea uwanjani, na msimu huo huo Arsenal ikawa bingwa tena. Hapo ndipo penye mtego. Mshindi haambiwi kuwa anaugua. Mashabiki humwimbia, marafiki humwagizia chupa nyingine, naye hudhani kwamba kombe ni cheti cha afya.

Septemba 1996, miezi michache tu baada ya kuiongoza Uingereza hadi nusu fainali ya Kombe la Ulaya, Adams alikiri hadharani kwamba pombe ilikuwa imemtawala.

Sisi wanaisimu tunajua kwamba jina huweza kufunga mlango au kuufungua. Katika Kiswahili, ‘mlevi’ ni hukumu, tena aghalabu ni tusi. ‘Uraibu’, neno ambalo zamani huko pwani lilihusishwa na tambuu, leo linataja hali inayomtawala mtu. Aitwaye mlevi hujificha. Mwenye uraibu aweza kuuliza tiba iko wapi.

Yamkini wapo watakaodai kwamba huku ni kumtetea mkosaji. La hasha! Dereva aliyelewa huua, na Adams alistahili adhabu. Hata hivyo, jela haikumponya. Aliendelea kunywa kwa miaka mingine mitano na zaidi. Kilichomfaa ni kulitaja tatizo kwa kinywa chake na kukubali kusaidiwa. Baada ya hapo aliiongoza Arsenal kutwaa ligi pamoja na Kombe la FA mwaka wa 1998, na tena mwaka wa 2002. Mwaka wa 2000 alianzisha Sporting Chance, shirika la kuwatibu wanamichezo wenye uraibu.

Kwa hivyo, msomaji mpenzi, yule mwenzako achapaye kazi barabara na kulewa kila jioni, usimshangilie wala usimtusi. Mpe neno ambalo anaweza kulitamka mwenyewe bila kuona haya.