Neno "Mwasi" na Vita Vilivyobaki Ubena Baada ya Kushindwa

Tarehe 19 Septemba 1905 wapiganaji wa Mbeyela, mtawala wa Ubena, walishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe. Bunduki za mmisionari Gröschel ziliwarudisha nyuma. Imani ya maji ilivunjika mapema, lakini vita havikwisha. Kuanzia mwishoni mwa mwaka huo majeshi makubwa ya kusini yaligawanyika kuwa makundi madogo. Chabruma wa Ungoni aliendelea kupigana hadi alipovuka Ruvuma, akauawa katika eneo la Wareno. Abdallah Mapanda aliuawa Januari 1907. Wajerumani walijibu kwa kuchoma maghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Kumbukumbu za serikali ya Kijerumani ziliwaita watu hao waasi, na Kiswahili kikalirithi jina hilo bila kulihoji. Kitenzi "kuasi" kimetoka katika Kiarabu, na nduguye "maasi" ni dhambi. Mwasi, basi, ni mtu aliyekwisha kuwa chini ya utii halali. Je, Mbeyela alikuwa chini ya utii wa nani? Boma la Iringa lilikuwa na umri wa miaka tisa tu. Ugumu unazidi tukikumbuka kwamba Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde la Kilombero, aliuawa mwaka 1905 akipigana upande wa Wajerumani, na kwamba Wahehe wengi na Wasangu walikuwa upande huohuo. Kwa jamii hizo vita vilikuwa pia vya wenyewe kwa wenyewe, na neno moja haliwezi kuzitendea haki pande zote.

"Mpiganaji wa msituni" nalo, ingawa halihukumu, halitoshi: nyanda za Makambako ni za majani na upepo, si za misitu minene, na aliyejificha huko alitegemea mabonde na ukarimu wa jamaa.

Fasihi nayo imewasahau. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), inamwacha shujaa wake gerezani, akikataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Huo ni uamuzi mzuri wa kisanii, kwa kuwa unaiokoa imani isife pamoja na dawa. Hata hivyo pazia linafungwa kabla ya miezi mirefu ya njaa, wakati ambapo wapiganaji walijua kwamba maji hayafai, wakaendelea.