Je, Wajua? Samaki Mmoja, Majina Mawili

Je, wajua kuwa mukeke wa Rumonge na mgebuka wa Kigoma ni samaki yuleyule, Lates stappersii? Kwenye lahajedwali, asipokuwepo wa kusahihisha, watahesabiwa kuwa samaki wawili.

Kwa mwalo mmoja lahajedwali inatosha kabisa: tarehe, mtumbwi, kilo, bei. Lakini Ziwa Tanganyika, wanakovuliwa samaki hao, ni la nchi 4. Takwimu za pande zote zikikusanywa, hifadhidata ndiyo chombo chenyewe, maana kila aina ya samaki hupewa namba moja na majina yake yote yakaelekezwa hapo.

Hatari ya kutegemea lahajedwali ipo kweli. Mwaka 2020, visa 15,841 vya korona viliachwa nje ya ripoti za Uingereza kwa siku kadhaa: faili la Excel la muundo wa zamani hukomea mistari 65,536.