Dola ya nafuu ya kodi hufikia nyumba ikiwa senti ngapi?

Mwaka 2014 mkaguzi wa hesabu wa jimbo la Missouri, Marekani, alipitia mpango wa jimbo lake wa nafuu ya kodi kwa nyumba za wenye kipato cha chini. Alikuta kwamba katika kila dola ambayo jimbo lilisamehe, senti 42 tu ndizo zilizoingia kwenye ujenzi. Nyingine ziliishia wapi?

Mpango mama ni wa serikali ya shirikisho, na ulitokana na sheria ya kodi ya 1986. Washington haimpi mjenzi fedha taslimu. Humpa haki ya kukatiwa kodi kwa miaka 10, naye, kwa kuwa mara nyingi hana kodi kubwa ya kukatiwa, huwauzia haki hiyo wawekezaji, hasa mabenki. Fedha hizo ndizo zinazobadili paa, mabomba na lifti za jengo chakavu, na kuondoa rangi yenye madini ya risasi iliyopakwa kabla ya marufuku ya 1978. Kwa kawaida mpangaji awe na kipato kisichozidi asilimia 60 ya kipato cha kati cha eneo lake, na pango lisivuke asilimia 30 ya kiwango hicho.

Fungu la shirikisho huwa halitoshi. Kukarabati jengo lenye watu ndani ni kazi ghali: familia huhamishwa ghorofa kwa ghorofa, na ukuta ukibomolewa ndipo unaonekana uozo ambao hakuna aliyeupigia hesabu. Ndiyo maana majimbo kadhaa yaliongeza nafuu yao juu ya ile ya Washington, California ikiwa miongoni mwa ya mwanzo, 1987.

Lakini nafuu ya jimbo huuzwa kwa bei ya chini kuliko ya shirikisho. Kampuni inayolipa kodi ya jimbo huiondoa kodi hiyo kwenye faida inayotozwa na shirikisho. Jimbo likiisamehe dola 100, faida yake kwa hesabu za Washington huongezeka dola 100, na kwa kiwango cha sasa cha asilimia 21 italipa dola 21 zaidi. Zimebaki 79. Kabla ya sheria ya 2017 kushusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35, zilikuwa zinabaki 65. Hapo bado hujatoa ada za mawakala na wanasheria, wala punguzo analodai mwekezaji kwa kusubiri miaka 10 ambayo Missouri huchukua kumaliza kumkatia.

California walilishughulikia tatizo hili kwa vitendo. Nafuu yao hukatwa ndani ya miaka 4, na baadaye sheria ikaruhusu iuzwe peke yake kwa bei isiyopungua senti 80 kwa dola. Missouri, kwa upande wao, walisimamisha nafuu mpya za jimbo mwishoni mwa 2017, wakati wa Gavana Eric Greitens. Kwa maoni yangu huko kulikuwa kumwadhibu mpangaji kwa kosa la aliyeuchora mpango. Nafuu iliporejeshwa, ilifungwa kwenye asilimia 70 ya ile ya shirikisho, ilhali muundo wenyewe ndio uliohitaji fundi.

Jambo jingine la kuangalia ni muda. Sheria ya shirikisho hudai pango la chini kwa miaka 30, ingawa baadhi ya wamiliki wamepata mlango wa kutokea baada ya 15. Majengo ya miaka ya 1990 sasa yanamaliza miaka hiyo 30, mabomba yake yamechoka tena, na wamiliki wanarudi kuomba nafuu ya pili. California hudai miaka 55. Jimbo linaloacha mapato yake kwa ajili ya jengo lilelile mara mbili lina haki kamili ya kudai angalau hiyo, tena kwa mkataba usio na mlango wa nyuma.