Kipya kinyemi, lakini je, mota mpya itaufaa msumeno mkuukuu?

NI Jumamosi asubuhi. Mteja amekuletea ubao wa mvule wenye upana wa inchi sita na unene wa inchi mbili, naye anataka upasuliwe uwe mbao tatu nyembamba za milango ya kabati. Unauwasha ule msumeno wa utepe ulioachiwa na mzee, unausukuma ubao taratibu, na kabla hujafika hata nusu mashine inaguna, mwendo unafifia, kisha utepe unasimama kabisa ndani ya mbao. Mteja anatazama saa. Wewe unaitazama mota.

Papo hapo unaamua kwamba mashine imezeeka na inahitaji mota kubwa zaidi. Jioni unalifikisha wazo hilo mezani. Mama watoto anakukumbusha kuwa pesa zilizopo nyumbani ni za karo ya muhula ujao. Kijana wako aliye shule ya upili anasema walifundishwa kuhusu mota katika somo la fizikia, lakini hakumbuki vyema. Je, uzitoe pesa hizo au uziache?

Makala haya yananuiwa kukusaidia kulijibu swali hilo. Ukweli wa mambo ni kwamba mota kubwa huwa dawa ya ugonjwa mmoja tu, ilhali msumeno wa utepe una magonjwa mengi. Ukiinunua kabla ya kuchunguza, huenda ukapoteza karo na bado ubao ukakwama palepale.

Mashine yenye thamani

Ukitembea Gikomba, kando ya Barabara ya Ngong au Kariobangi, utauona msumeno huu, ambao mafundi wengi huuita bendiso. Una magurudumu mawili, moja juu na jingine chini ya meza, na utepe wa chuma wenye meno huyazunguka yote mawili. Mota huligeuza gurudumu la chini kwa mkanda wa mpira na puli mbili.

Utepe huo ni mwembamba. Njia unayokata ndani ya mbao huwa na upana wa milimita moja hivi, ilhali msumeno wa duara hula kama milimita tatu. Kwa anayepasua mvule au mkangazi ulionunuliwa kwa bei ghali, tofauti hiyo ni mbao inayobaki badala ya kugeuka unga sakafuni.

Aidha, mashine nyingi za zamani zilitengenezwa kwa chuma kizito cha kusubu, kisichotikisika ovyo. Iwapo fremu haina ufa na magurudumu hayayumbi, mashine hiyo inastahili kutengenezwa. Usikubali kuiuza kwa bei ya vyuma chakavu.

Mtuhumiwa wa kwanza

Kabla ya kuilaumu mota, chomoa plagi ukutani kisha uukague utepe. Utepe butu huielemea hata mota yenye afya. Hesabu meno pia. Kwa kupasua mbao nene, utepe wa meno matatu kwa kila inchi ndio unaofaa, kwa kuwa nafasi kati ya meno ni pana na hubeba unga wa mbao hadi nje. Utepe wa meno kumi au zaidi ni wa mbao nyembamba. Ukiutumia kwenye ubao wa inchi sita, nafasi hizo hujaa unga mara moja na utepe husugua tu badala ya kukata. Kubadilisha utepe ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kununua mota.

Pili, sikiliza. Iwapo mota inaendelea kuzunguka kwa kasi ileile huku gurudumu likipunguza mwendo, na unasikia mlio mkali au harufu ya mpira unaoungua, basi mkanda unateleza. Ukaze, au ununue mwingine.

Tatu, iwapo mota inanguruma bila kuzunguka, huenda kapasita yake imekufa. Kapasita ni kile kikopo kilicho ubavuni mwa mota kinachoisaidia kuanza. Bei yake si kubwa, lakini usiiguse kwa mikono mitupu, kwani huweza kuhifadhi stima hata baada ya plagi kuchomolewa. Mwachie fundi wa umeme kazi hiyo. Mota inayolia kama jiwe linalosagwa nayo mara nyingi inahitaji beringi mpya tu.

Hesabu ya waya

Hapa ndipo mwanafunzi wa fizikia anapopata kazi. Tuseme karakana yenu iko nyuma ya nyumba na stima inafika huko kwa waya wa mita 30, wenye unene wa milimita mraba 1.5. Kwa kuwa stima huenda na kurudi, husafiri mita 60 za shaba, na ukinzani wake ni kama omu 0.7.

Mota ya nguvu za farasi moja na nusu hula takriban ampea nane ikiwa kazini. Wakati wa kuanza huweza kuvuta mara tano au sita zaidi, tuseme ampea 45. Zidisha 45 kwa 0.7 nawe utaona kuwa zaidi ya volti 31 zinapotelea njiani. Badala ya volti 240, mota inapata kama 209. Nayo nguvu ya mota ya kuzungusha hupungua kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hivyo takriban robo nzima imetoweka kabla utepe haujagusa mbao!

Sasa fikiria ununue mota kubwa zaidi uiunganishe na waya uleule. Itavuta ampea nyingi zaidi, na waya utapata moto, hasa ukiwa umezungushwa kama kamba. Waya mfupi wa milimita mraba 2.5 huenda ukaufufua msumeno bila kubadilisha chochote kingine.

Kama kweli ni mota

Umebadilisha utepe, umekaza mkanda, waya ni mzuri, na bado mashine inashindwa na mbao nene. Basi sasa soma kibati kilichobandikwa kwenye mota. Nguvu moja ya farasi ni wati 746. Misumeno mingi yenye magurudumu ya inchi 14 ilitoka kiwandani ikiwa na mota ya kati ya nusu farasi na farasi mmoja, inayotosha kukata mbao za kawaida na kuchonga mapindo. Kwa kupasua mbao ngumu zenye kimo cha inchi sita, nguvu ya farasi moja na nusu inafaa, na mbili ndio ukomo wa busara.

Kwa nini usiweke tano? Kwa sababu utepe, mpira wa magurudumu, mhimili na fremu havikuundwa kubeba nguvu hizo. Mota ndogo utepe unapokwama husimama. Mota kubwa kupita kiasi haisimami, na chochote kilicho dhaifu zaidi ndicho kitakachokatika, mara nyingi utepe wenyewe, karibu na mikono yako.

Tahadhari ya kasi

Kosa kubwa zaidi hufanywa hapa. Mota mbili zinaweza kuwa na nguvu sawa lakini kasi tofauti. Kwa stima yetu ya Kenya, moja huzunguka takriban mara 1,420 kwa dakika na nyingine takriban 2,850. Ile ya 2,850 mara nyingi ni ndogo na nyepesi zaidi, kwa hivyo huvutia macho.

Chukua gurudumu la inchi 14. Mzingo wake ni kama mita 1.1. Mota ya 1,420 ikiwa na puli ya sentimita 10, na gurudumu likiwa na puli ya sentimita 17, gurudumu litazunguka kama mara 835 kwa dakika na utepe utakimbia takriban mita 920 kwa dakika. Hiyo ni kasi inayofaa kwa mbao. Weka mota ya 2,850 bila kubadilisha puli, nao utepe utapita mita 1,800 kwa dakika. Magurudumu makuukuu yaliyotengenezwa kwa kasi ya nusu hiyo hayapaswi kujaribiwa hivyo. Utepe unaweza kuruka, na mpira wa gurudumu kubanduka.

Kuwa macho pia na mota za mitumba. Ukiona kibati kimeandikwa mizunguko 1,725, hezi 60 na volti 120, fahamu kuwa ilitengenezewa stima ya Marekani. Ukiichomeka kwenye volti 240 za hapa itaungua.

Vipimo vya shafti

Beba rula unapoenda sokoni. Shafti za mota za zamani zilipimwa kwa inchi, na ya inchi 5/8 ni kama milimita 16. Mota nyingi za siku hizi za nguvu ya farasi moja huwa na shafti ya milimita 19, na zile za moja na nusu huwa na milimita 24. Puli ya mzee haitaingia. Ama fundi wa kukereza vyuma aipanue tundu, ama ununue nyingine yenye upana uleule wa nje. Pima pia nafasi ya matundu ya miguu ya mota, na uzito wake. Mota nzito iliyofungwa kwenye kibao hafifu itatetemeka hadi mkanda utoke.

Kabla ya kuvisha mkanda, iwashe mota kidogo uone inakozunguka. Utepe unapaswa kushuka kuelekea mezani. Ukipanda juu, utaurusha ubao usoni mwako.

Stima na vidole

Iwapo mashine ilitoka kiwandani, huenda mota yake ni ya fezi tatu, volti 415, wakati nyumba nyingi zina fezi moja. Hapo kubadilisha mota ni jambo la lazima wala si anasa. Chagua iliyofunikwa pande zote na yenye feni kwa nje, kwa kuwa unga wa mbao huziba mota zilizo wazi. Unga huo si adui wa mota pekee. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Vaeni barakoa, na watoto wasicheze karakanani.

Jambo moja usilolikwepa hata pesa zikiwa chache ni stata yenye kinga mbili: inayozima mota ikielemewa, na isiyoruhusu mashine kujiwasha stima zikirudi. Sote twajua jinsi stima zinavyopotea. Fikiria zimepotea utepe ukiwa ndani ya ubao, nawe umeinama kuuchomoa kwa vidole huku swichi ya kawaida ikiwa bado imewashwa. Stima zikirudi, hakuna atakayekuonya. Usifunge kamwe kipande cha waya mahali pa fyuzi, na kazi ya kuunganisha mwachie fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA.

Uamuzi wa mezani

Rudi basi kwenye meza ile ya jioni. Waambie jamaa zako kuwa utaanza na utepe wa meno matatu, kisha mkanda, kisha waya. Iwapo Jumamosi ijayo ubao wa mvule utapita wote bila kukwama, karo imebaki salama na mashine imepona. Ukikwama tena, angalau sasa wajua kwamba mota ndiyo mgonjwa. Ukienda kuinunua, andika kwenye karatasi nguvu, kasi, upana wa shafti, upana wa puli na aina ya stima, na uweke akiba ya stata katika bajeti hiyohiyo.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mota mpya itakuvutia pale dukani kwa rangi yake. Lakini msumeno huo ulimlisha mzee kwa miaka mingi naye akastaafu na vidole vyote kumi. Nawe upasue mbao zako kwa hesabu hiyo.