Kipimo cha uraibu wa intaneti nacho kipimwe

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), pale Malimbe, Nyegezi, jijini Mwanza, akikesha na simu usiku kucha, je, ni mgonjwa? Njia ya mkato ni kumpa hojaji ajaze, kisha kujumlisha alama. Tatizo ni kwamba hojaji nyingi za aina hiyo zilitungwa kwa ajili ya watu wa mazingira mengine kabisa.

Inayojulikana zaidi ni ya mwanasaikolojia wa Marekani, Kimberly Young, aliyoitoa mwaka 1998. Ina maswali 20: ni mara ngapi unakaa mtandaoni muda mrefu kuliko ulivyokusudia, unaacha kazi za nyumbani, unakosa usingizi. Alama ya juu ni 100, na anayefikisha 80 huhesabiwa kuwa na matatizo makubwa. Enzi hizo, kwa wengi, intaneti ilikuwa kompyuta ya mezani.

Lilete swali la usingizi Malimbe. Mwanafunzi wa hosteli hununua bando la usiku kwa sababu ni nafuu, akapakua vitabu na mihadhara saa nane usiku. Atajibu "mara nyingi", na atakuwa amesema kweli. Alama zitapanda, ilhali kilichomfanya akeshe ni bei. Mwenzake asiyeweza kujizuia hukatwa na bando kuisha. Alama zake zinashuka na tatizo lake linajificha. Mchuuzi wa dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, anayepokea bei na oda kwa WhatsApp tangu alfajiri, naye ataonekana mraibu kwa saa alizokuwa kazini.

Ndiyo maana kutafsiri peke yake hakutoshi. Baada ya tafsiri ya Kiswahili, mtu mwingine ambaye hajaiona hojaji ya asili huirudisha Kiingereza ili makosa yajitokeze. Kisha wahusika wenyewe huulizwa, swali kwa swali, wameelewa nini. Baadaye huja takwimu: je, maswali yanashikamana? Je, watu wawili wenye tatizo la kiwango kilekile, mmoja Mwanza na mwingine Budapest, wanapata alama zinazolingana? Zisipolingana, kusema vijana wa nchi fulani ni waraibu kuliko wa nchi nyingine hakuna msingi. Toleo fupi la hojaji ya maswali 18 iliyotungwa Hungaria mwaka 2008 na Zsolt Demetrovics na wenzake imepimwa hivyo katika lugha kadhaa za Ulaya.

Hatua ya mwisho ni kulinganisha alama na uchunguzi wa mtaalamu. Tanzania tayari ina funzo lake. Mwaka 2002, Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha matokeo ya kuipima hojaji ya Hopkins, yenye maswali 25 ya sonona na wasiwasi, kwa wajawazito wenye VVU. Kikomo kilichofaa kilikuwa 1.06, wakati kinachotumika kwingi duniani ni 1.75. Kwa kikomo hicho cha wengine, baadhi ya wanawake hao wangewekwa kundi lisilo lao.

Shirika la Afya Duniani lenyewe limekwenda kwa tahadhari. Orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022 inautambua uraibu wa michezo ya kidijitali, si matumizi ya intaneti kwa jumla. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12.

Kwa hiyo, wewe unayeandika tasnifu Nyegezi, usinakili kikomo cha alama; kipime kwanza kwa watu wa hapa. Nawe mzazi, usihesabu saa tu. Angalia kama kijana anashindwa kuacha hata anapotaka, na kama masomo, usingizi na uhusiano wake vinaharibika. Ukiona hivyo, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili. Kumwita mtoto mraibu kwa alama zisizopimwa ni kumdhuru.