Dere akikataa kuendelea, nani amevunja sheria?

Uzi kuhusu jambo linalorudi kila kukitokea ajali mbaya na kila msimu wa kura: madereva wa malori. Kama kawaida yetu hapa, hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunaangalia hoja tu.

Hoja inayopendwa zaidi mnaijua. Trela imegonga, watu wamekufa, mheshimiwa anasimama mbele ya kamera anasema madereva ni wazembe, wanatafuna miraa usiku kucha, wapimwe upya. Makofi. Hakuna anayeuliza mbona baba wa watoto wanne anatafuna miraa saa nane za usiku akiwa na kontena imejaa nyuma yake. Anatafuna asilale, jameni. Swali ni nani hataki alale.

Basi tuanze na sheria, manake wengi hawajui iko. Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki, kilichoingizwa 2012, kinasema mtu asiendeshe gari la abiria au la biashara kwa zaidi ya jumla ya masaa 8 ndani ya masaa 24. Na hakiishii kwa dereva. Kinamkataza pia mwajiri kumfanya ama kumruhusu mfanyakazi wake apite hapo. Isome tena hiyo ya mwisho. Tajiri naye yumo.

Sasa chukua kalamu. Mombasa hadi Malaba ni kama kilomita 930. Lori zito haliruhusiwi kupita 80 kwa saa. Lakini weka mzigo, weka foleni ya mizani Mariakani, nyingine Mlolongo, nyingine Gilgil, weka milima ya huko mbele. Tukisema wastani ni 50 kwa saa tumempendelea tajiri sana. Hata hivyo hayo ni karibu masaa 19 ya usukani. Siku ya kwanza masaa 8 yakiisha uko pande za Sultan Hamud, Nairobi hujaiona. Malaba unaingia siku ya tatu.

Kwa hivyo ofisi ikimwahidi mteja kwamba mzigo unaotoka bandarini Jumatatu alfajiri utakuwa Malaba Jumanne jioni, na ndani ya kabini kuna dereva mmoja na taniboi, hapo sheria imeshavunjwa kabla injini haijawaka. Aliyeivunja ameketi kwa meza, ana chai. Polisi atakayemsimamisha dereva njiani hatamwona.

Nina mjomba anayeendesha trela, miaka zaidi ya ishirini sasa. Safari moja alitoka Mombasa alfajiri, akafika Mlolongo usiku, akapaki. Hazikupita dakika kumi simu ikalia, kwa sababu siku hizi gari lina traka na ofisi inaliona likisimama.

"Dere, mbona gari imelala?"

"Masaa yangu yameisha, boss. Naondoka asubuhi."

"Wenzako wako Naivasha. Wewe ni nani?"

Hakuondoka. Akaambiwa kama analala, asubuhi aache funguo. Na kweli, asubuhi akaja dereva mwingine kwa matatu, akachukua gari. Barua aliyopewa baadaye ilikuwa na sababu moja: kukaidi amri ya kazi.

Hapa ndipo ningependa mtulie kidogo, kwa sababu hiyo barua ndiyo silaha kubwa ya waajiri, na ukiichunguza haina risasi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inaruhusu mfanyakazi afutwe papo hapo akikataa amri. Lakini amri gani? Amri halali, inayofaa, na iliyo ndani ya kazi yake. Kumwambia mtu aendeshe saa ya kumi na moja mfululizo si amri halali. Anayeikataa anatii sheria, na ukimfuta lazima kwanza umweleze kosa lake na umsikilize. Hicho ni kifungu cha 41. Mkifika mahakama ya ajira, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha sababu zake. Akishindwa, mahakama inaweza kumpa dereva fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

"Lakini sina mkataba." Nimesikia hii mara nyingi. Kazi ya miezi 3 au zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi, na wajibu wa kuuandaa ni wa mwajiri. Asipouonyesha mahakamani, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye.

Kama sheria iko hivyo, mbona madereva wengi hawakatai? Pesa. Katika kampuni nyingi mshahara wa mwezi ni mdogo, kinacholisha nyumba ni pesa ya safari. Safari nyingi, pesa nyingi. Ukilala Mlolongo umejikata mwenyewe, hata kama hakuna aliyekufokea. Tajiri hahitaji kumlazimisha mtu. Njaa inamfanyia hiyo kazi. Ulaya waliliona hili. Kanuni yao ya 2006 inakataza kumlipa dereva kwa umbali au kwa wingi wa mzigo pale ambapo malipo ya namna hiyo yanahatarisha usalama barabarani. Hapa kwetu sijasikia mgombea hata mmoja akigusa namna dereva anavyolipwa. Faini na semina, ndiyo.

Tajiri naye asikizwe. Si wote wana magari mia. Kuna mwenye lori moja la mkopo, benki inamngoja mwisho wa mwezi, kontena tupu ikichelewa kurudi kampuni ya meli inamtoza kwa siku, na mteja akiona bei imepanda anaenda kwa jirani. Huyo akiweka dereva wa pili peke yake, anafunga biashara. Lakini sheria ikishikwa kwa wote siku moja, bei inapanda kwa wote, na hakuna wa kukimbiliwa. Gari pia linaweza kubadilishiwa dereva njiani, mmoja ailete hadi Mlolongo, mwingine aichukue hapo. Ile hoja ya "pelekeni yote kwa reli" haisaidii sana hapa, manake treni haishushi mzigo kwa mlango wa godauni.

Halafu kuna ya maegesho, ambayo kwangu inafaa kupigiwa kelele kuliko miraa. Ukimwambia dereva alale, alale wapi? Kando ya barabara anaamka mafuta yamenyonywa na turubai limekatwa, na hasara anaambiwa alipe yeye.

Mkumbuke pia Migaa, karibu na Salgaa, tarehe 31 Desemba 2017. Basi na lori viligongana, watu 36 wakafa. Hatua iliyotangazwa siku hiyo ilikuwa kusimamisha safari za usiku za magari ya abiria ya masafa marefu. Malori yakaendelea na usiku wao.

Kwa hivyo mheshimiwa akija kwenu na hotuba ya madereva wazembe, muulizeni swali moja: tangu 2012, ni waajiri wangapi wamefikishwa kortini kwa kifungu cha 66A? Asikubali kujibu kwa idadi ya madereva.

Na dere, kama unasoma hii ukiwa umepaki mahali: ukiambiwa endelea, jibu kwa ujumbe wa maandishi, si kwa simu. Andika umeanza saa ngapi na umefika wapi. Piga skrinshoti, mtumie mtu wa nyumbani. Tiketi za mizani zina saa, ziweke. Ukifutwa, nenda ofisi ya leba ama chama chako mapema, usingoje miaka 3 iishe, kwani baada ya hapo kesi haipokelewi. Mjomba alikuwa na zile jumbe zote. Ofisi ilipoziona mezani kwa afisa wa leba, ilianza kuzungumza lugha ya "tuelewane".